Mistari Miwili ya Mulamula

Nyinyi vijana mnaofika hapa kwangu Buhembe na vikopo vyenu kuomba vipande vya maua, najua mnaninung'unikia mkishatoka. Mnasema bibi huyu, kabla hajatoa kipande kimoja cha bogonvilia, anauliza maswali kama karani wa mahakama. Utapanda wapi? Ni kwako au kwa mwenzio? Nani amekwambia upande pale? Ni kweli. Nauliza mara mbili, na jibu la pili likipishana na la kwanza, kipande kinabaki kwangu. Leo nawaandikia sababu. Mwenye haraka aruke mpaka chini, lakini ajue ataruka na namna ya kuotesha waridi.

Kazi hii nilifundishwa na Bi Zaina, mama wa Kiislamu wa hapa mjini Bukoba ambaye babu zake walitoka pwani. Uani kwake, nyuma ya duka la vitambaa, kulikuwa na asumini na waridi za harusi. Mimi nilikuwa msichana wa Kikatoliki kutoka migombani karibu na Rubya, na bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya haijapauka. Siku ya kwanza alinipa vipande arobaini vya bogonvilia nivichomeke mchangani. Nikavichomeka kwa mstari ulionyooka, nikavihesabu mara mbili, vyote arobaini. Wiki sita zikapita, hakuna hata kimoja kilichochipua. Bi Zaina akachomoa kimoja, akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, ukilala, kichwa unakiweka wapi?"

"Kwenye mto, Bi Zaina."

"Na hawa wenzio mbona umewalaza vichwa kwenye tope?"

Nilikuwa nimevichomeka vyote juu chini. Tangu siku ile sheria yangu ni hii, nanyi muishike: chini kata mshazari, juu kata sawasawa. Hapo hata ukiwa na usingizi huwezi kukosea. Waridi chagua tawi lililokwisha kutoa ua, nene kama penseli, likate chini kidogo ya kifundo, uliachie majani mawili tu, mengine yote toa. Majani mengi ni midomo mingi na chakula hakuna. Maua ya Krismasi yana utomvu. Yachovye kwenye majivu kwanza. Kana wala usihangaike nayo, gawa kiazi chake kwa panga, fukia, nenda zako. Na mchanga wa kuoteshea ni ule mweupe wa ufukweni mwa ziwa, uoshwe mara mbili. Udongo wetu mwekundu unashika maji mno, kipande kinaoza kabla hakijajua kama kimepandwa.

Siku hizi mna viriba vya plastiki. Sisi tulianza na magamba ya migomba yaliyoshonwa kwa kamba, baadaye makopo ya mafuta yaliyotobolewa kwa msumari. Gamba la mgomba lilikuwa na faida moja kubwa: lilioza baada ya miezi mitatu, kwa hiyo mteja hakuwa na muda wa kubembeleza bei. Nilikuwa namwambia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, amua leo, kesho utaondoka na udongo mkononi."

Ulipoingia ujamaa, kazi yetu ikawa ya kuogopwa. Mimi sikuwa na ugomvi na ujamaa. Lakini kila mkutano ulitaja wanyonyaji na walanguzi, na mimi nikikaa kule nyuma nilijipima: mwenye kulima kahawa anajulikana, mwenye kuvua samaki anajulikana, mwenye kuuza maua je? Mjumbe wetu wa nyumba kumi aliniuliza siku moja, kwa upole, na upole ndio ulionitisha, "Mama, hivi wewe unazalisha nini hasa?" Nikamjibu, "Rangi." Akacheka. Mimi sikucheka, na usiku ule niliyaficha makopo yote nyuma ya jiko.

Basi katika hali hiyo, akaja Katibu Kata mmoja kutoka upande wa Kagoma, kule Muleba. Mtu mrefu, miguu kama ya korongo, viatu vimepigwa rangi. Jina lake silitaji. Akasema kuna mgeni mkubwa anakuja, ataacha gari barabarani na kutembea kwa miguu mpaka ofisi mpya ya kijiji, na anataka njia hiyo ipendeze. Muda wenyewe wiki mbili.

"Wiki mbili, Bwana Katibu, hata maharage hayajatoa ua."

"Nimeambiwa wewe ni fundi. Au niliambiwa uongo?"

Mtu kama yule akikuuliza hivyo, unakuwa fundi papo hapo. Nikafikiri. Kipande cha ua kikipigwa jua siku mbili kinalala. Lakini mulamula ukiukata leo, mwezi mzima haujui kwamba umekatwa. Unasimama kijani na majani yake marefu kama askari. Wale msio wa huku, mulamula ndio mti tunaopanda kwenye mpaka wa kibanja, lile shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba. Wazee wa kiume wa ukoo wanaupanda mbele ya mashahidi, na ukishapandwa hapo pameamuliwa. Kuung'oa ni jambo ambalo mtu hulifanya akiwa amechoka kuishi vizuri na watu. Nilijua hayo, nilizaliwa nayo. Lakini mjini nilikuwa nimeuza mulamula kwenye makopo miaka mingi, ukawekwa kwenye baraza za watu kama ua jingine lolote. Tena nilijiambia, hii ni mistari miwili, huku na huku, ni njia. Nani ataona njia aseme ni mpaka?

Nikakata vipande sitini na viwili kwa shangazi yangu Rubya, kwa ruhusa yake. Nikabeba na vikapu vya mchanga wa ziwani. Siku ya kupanda, kijiji kizima kilikuwa rweya, kule kwenye nyika, kwenye shamba la pamoja. Tulikuwa mimi na Bwana Katibu tu. Njia aliyonionyesha ilikatiza katikati ya kibanja cha mtu: upande mmoja nyumba imefungwa, upande wa pili mibuni mizuri ajabu.

"Mwenye kibanja anajua?" nikauliza.

"Anajua."

Niliuliza mara moja. Katika maisha yangu yote hesabu nimehesabu mara mbili, lakini siku ile neno lile niliuliza mara moja.

Tukapanda thelathini na moja huku, thelathini na moja kule. Upana wa njia, hatua nne. Kila shimo nikatia viganja viwili vya mchanga wa ziwani ili kipande kisioze, nikafunika kwa majani makavu ya mgomba kama kibanja chote kilivyofunikwa. Kesho yake nikapanga katikati makopo ya kana na zinia. Tukasimama. Mgeni akapita na gari lake moja kwa moja. Tulichokiona ni vumbi. Nikapakia makopo yangu, nikarudi Bukoba, mulamula nikauacha. Nani arudi na vijiti sitini na viwili?

Ulipita mwezi na siku kadhaa. Bwana Katibu alikuwa na mkutano mjini, akapita kwangu. Hakukaa.

"Wewe hukupanda kitu Kagoma."

"Sikupanda, Bwana Katibu," nikasema, kabla hata sijaelewa.

"Na ukiulizwa?"

"Hata njia ya kwenda siijui."

"Vizuri. Maana kuna orodha ya walanguzi inaandikwa, na nyinyi wa maua bado tunajiuliza tuwaweke fungu gani."

Alipoondoka nilikaa chini kwenye mchanga wa kitalu. Sikujua nimefanya nini, nilijua tu kwamba mtu mwenye viatu kama vile hasafiri kuja kumwambia mwanamke kwamba hakupanda kitu, ila kama alichopanda kimeota vibaya.

Siku ya tatu alikuja mwanamke, viatu mkononi ili visichakae njiani. Alijitaja: Ma Anatolia, kutoka Kagoma.

"Ni wewe mama wa maua?"

"Maua tunauza wengi, waitu."

"Anayepanda hadi Muleba?"

"Muleba sijafika mwaka huu."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Yeye hakubishana. Akaeleza akiwa amesimama, kama mtu anayemwambia ukuta. Mume wake alikufa mwaka juzi. Ana watoto watatu. Binti wa kwanza aliugua, akamuuguza hospitali ya Rubya wiki tatu. Aliporudi nyumbani alikuta mulamula umesimama katikati ya kibanja, mstari mmoja, nyumba upande huu na mibuni yote upande ule. Na ndani ya mibuni alimkuta shemeji yake, Ta Kaijage, mdogo wa marehemu, anachuma kahawa. Kaijage akamwambia ukoo umegawa. Wazee wawili wamesema walikuwa mashahidi. Baraza la ukoo litakaa Alhamisi, kuthibitisha.

"Wakithibitisha nabaki na nyumba na migomba kumi na mmoja," akasema. "Nimeihesabu mara mbili. Watoto watatu na mimi, migomba kumi na mmoja. Nitarudi kwetu, na kwetu baba hayupo tena."

Mstari mmoja. Nilitaka kupaza sauti kwamba ilikuwa miwili. Mdomo wangu ukasema, "Pole sana, Ma Anatolia. Nakuombea." Nikampa na kipande cha jeranium, Mungu anisamehe, kama mtu anayempa jirani chumvi. Akakishika, akakitazama, akakiweka chini taratibu, akachukua viatu vyake akaenda.

Nikakimbilia kwa Bi Zaina. Alikuwa mzee sasa, anakaa kwenye mkeka akichambua asumini.

"Nikisema nilipanda mimi, Katibu ataniandika kwenye orodha," nikamwambia. "Na wazee watauliza mwanamke gani anapanda mulamula kwenye kibanja cha mtu. Nitakuwa na kesi pande mbili."

"Naam."

"Nikinyamaza, hakuna anayenijua."

"Huyo mama anakujua. Amekuja mpaka mlangoni."

"Nilimkatalia."

"Ndiyo. Na aliamini?"

Bi Zaina akaendelea kuchambua. "Mimi siwezi kukwambia nenda, mwanangu, gari la kukuchukua halitanichukua mimi. Nakuuliza tu: mashimo alichimba nani?"

Alhamisi nilipanda basi la alfajiri. Niwaambieni ukweli, kila lilipopunguza mwendo niliomba liharibike. Basi ambalo kila wiki lilikuwa linaharibika, siku ile lilikwenda kama jipya.

Baraza lilikaa ndani ya kibanja chenyewe. Mkubwa wa ukoo, Mzee Ishengoma, alikuwa na ukungu machoni, anaona vivuli tu. Ta Kaijage alikaa karibu naye, ana kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na mashahidi wake wawili kushoto na kulia. Bwana Katibu alisimama pembeni, ameegemea baiskeli. Na mulamula ulisimama pale, umeshatoa majani mapya. Mstari mmoja. Ule wa pili, wa upande wa mibuni, ambao ungempa Kaijage sehemu ndogo zaidi, haukuwapo. Majani makavu yalikuwa yametandazwa vizuri kana kwamba pale hapajawahi kuguswa.

Baadhi ya majirani walikuwa wameona mistari miwili siku ile ya mgeni. Niliwatazama machoni nikajua waliona. Wao pia walimtazama Bwana Katibu, kisha wakatazama vidole vya miguu yao.

Kaijage alimaliza kusema. Mzee Ishengoma akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasikia mtu anasema, "Mimi, waitu," na mtu huyo alikuwa mimi.

"Huyo ni nani?"

"Mwanamke wa mjini, muuza maua," akasema Kaijage. "Amekuja kutuuzia nini hapa? Zinia?"

Watu wakacheka. Nilipiga magoti. "Mzee wangu, mti huu haukupandwa na wazee. Niliupanda mimi, siku moja kabla ya mgeni, ili upambe njia. Na haukuwa mstari mmoja. Ilikuwa miwili."

Kicheko kilikatika. Sikumtazama Bwana Katibu. Nilisikia tu kengele ya baiskeli yake ikigusa kitu, kidogo, ting.

"Mwanamke amepanda mulamula?" Mzee Ishengoma aliuliza polepole. "Unajua unasema nini?"

"Najua, na naogopa. Lakini naomba jembe."

Nikasimama kwenye shina la kwanza, nikapiga hatua nne, nikafukua majani, nikachimba. Udongo mwekundu. Nikachimba tena. Mwekundu. Kaijage akasema, "Anatafuta viazi." Jasho likaniingia machoni. Nikarudi kwenye shina, nikahesabu upya, moja, mbili, tatu, nne, nikafika palepale. Nilimwona Ma Anatolia amejishika kichwa, na nikawaza kwamba nimemmaliza kabisa. Angalau kabla sijafika alikuwa na mashaka ya kujitetea nayo.

Ndipo macho yangu yakaangukia kwenye viatu vile vilivyopigwa rangi. Hatua nne zile hazikuwa zangu! Siku ile aliyepima upana wa njia alikuwa Bwana Katibu, na mguu wake mmoja ni mguu wangu mmoja na nusu. Nikarudi, nikajivuta, nikatanua miguu mbele ya wazee bila haya, hatua nne za korongo. Nikapiga jembe.

Mchanga mweupe ukaruka juu ya udongo mwekundu.

Nikachota nikamtilia Mzee Ishengoma kiganjani. Akausaga kati ya vidole, akaunusa, akagusa ulimi. Ulikuwa umechanganyika na vipande vidogo vya magamba ya konokono wa ziwani.

"Huu ni wa ziwani," akasema. "Umepandaje mlima?"

"Nilitia viganja viwili kila shimo. Mashimo thelathini na moja upande huu. Chimbeni popote kwenye mstari."

Wakachimba vijana wawili. Shimo la pili, mchanga. La tatu, mchanga. La nne nilisema inatosha, lakini mzee akasema wachimbe yote, na yote thelathini na moja yalikuwa na mchanga na hayakuwa na mti.

Kisha akauliza swali ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria, nilikuwa nimeshikwa na hofu zangu. "Kama ilikuwa miwili, mstari huu aliung'oa nani?"

Niliwaona mashahidi wale wawili wakisogea, kila mmoja upande wake, kiasi cha kiganja tu, lakini wakamwacha Kaijage peke yake kwenye mkeka. Uso wake ulikuwa umekuwa na rangi ya majivu. Siku ile si mimi niliyeogopa kuliko wote, na wala sikufurahi. Hofu ya mtu mwingine ukiiona kwa karibu inafanana sana na yako.

Bwana Katibu aliondoka bila kuaga. Kwa miezi mingi baadaye, kila gari lililopunguza mwendo Buhembe lilinikuta nimeshavaa, nimefunga kitambaa kichwani, tayari kuchukuliwa. La kunichukua halikuja. Bwana Katibu nilisikia alihamishwa. Hata hivyo sikuwa nafungua dirisha la mbele mwaka mzima.

Baraza liliamua kabla ya saa sita: kibanja ni kimoja, ni cha Ma Anatolia na watoto wake, na kahawa iliyochumwa irudi. Mstari uliobaki ung'olewe. Lakini nani aung'oe? Vijana walirudi nyuma. Mzee Ishengoma akasema, "Aliyepanda ang'oe." Nikashika shina la kwanza.

"Usitupe," Ma Anatolia akasema nyuma yangu. Ndiyo mara ya kwanza alinisemesha siku ile. "Mzee wangu, mpaka wangu wa kweli na shemeji upo kule chini, na mulamula wake umebaki mashina matatu ya zamani. Huu upelekwe kule. Upandwe leo, nyote mkiona, na huyu mama aupande kwa mikono yake. Ameshaanza, amalize."

Wazee walitazamana. Mwanamke kupanda mpaka, tena mara ya pili. Mzee Ishengoma akanyanyuka kwa fimbo yake, akaelekea chini, na wengine wakamfuata, Kaijage akiwa wa mwisho.

Nilipanda mpaka jua likaanza kulala. Chini mshazari, juu sawasawa. Kila nilipokanyagia udongo kwenye shina moja, nilisikia wazee wakitaja namba kwa sauti, nane, tisa, kumi, kama watoto wa darasa la kwanza. Walipofika thelathini na moja nikadhani tumemaliza, nikajifuta mikono.

"Bado," akasema Ma Anatolia, akarudi kwenye shina la kwanza, akalishika. "Moja."

Wakaanza upya.